Ndege adimu wa Pwani wakati wa vuli: jibu kwa anayekuja Sabaki na Mida mwezi Novemba

Ndugu uliyeuliza, umesema unatoka Nairobi ukiwa na siku 10 katikati ya Novemba, na kwamba shabaha yako kubwa ni kumwona pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, yule ndege wa Madagaska arukaye kama mbayuwayu, Glareola ocularis. Tena umeuliza kama ni kweli kwamba vuli ndiyo msimu wa ndege adimu huku kwetu, na utafanyaje ili uaminiwe ukiona kitu kisicho cha kawaida. Swali la kwanza lina jibu fupi lisilopendeza: utakuwa umechelewa. Ndege hao ni wageni wa kusi, wengi wao huonekana Sabaki kati ya Julai na Septemba, na wewe utakapofika watakuwa wamekwisha kurudi kwao kutaga. Mengine yanahitaji maelezo, nami nayatoa kwa kuwa nimekwenda Sabaki na hori la Mida kila mwaka kwa zaidi ya miaka 10, na karibu nusu ya miaka hiyo niliipoteza kwa kutoijua kalenda.

Vuli ya Pwani ni kipindi cha makundi mawili kupishana mlangoni. Wageni wa kusi wanaondoka: huyo wa Madagaska, kulastara wa Madagaska, na yule ndege mwenye madoa kifuani anayefukua majani makavu chini ya miti ya magofu ya Gede, ambaye ukimkuta mwanzoni mwa Novemba umepata bahati ya mwisho. Wakati huohuo wageni wa kaskazini wanaingia, tena hawasubiri pepo za kaskazi zianze kuvuma, kwa maana vitwitwi wa kwanza kutoka Siberia hutua kwetu tangu Agosti, kusi ingali inavuma. Kwa hiyo ndege yuleyule anaweza kuwa wa kawaida Agosti na akawa habari kubwa Novemba, au kinyume chake, na mtu asiyetazama tarehe kabla ya kutazama manyoya atajiaibisha.

Nasema hivyo kwa sababu nilijiaibisha. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Novemba, nilimwona kulastara mdogo wa kahawia amejikunyata ukingoni mwa kidimbwi karibu na Sabaki, nikatangaza kwa wenzangu kwamba nimempata kulastara wa Madagaska, Ardeola idae, ambaye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Mzee mmoja mzoefu aliniuliza maswali mawili tu: michirizi ya kifuani ilikuwa minene kiasi gani, na mdomo ulikuwaje ukiulinganisha na kichwa. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyaona mabawa meupe aliporuka, nikatosheka, kumbe binamu yake, Ardeola ralloides, anayo mabawa meupe vilevile, naye ndiye tunayeishi naye mwaka mzima. Wa Madagaska ana michirizi myeusi zaidi na mipana, na mdomo mzito. Tena wengi wao huwa wamekwisha ondoka kufikia mwisho wa Oktoba. Niliufuta ule uvumi wangu, na tangu siku hiyo naandika ninachokiona kabla ya kukifungua kitabu.

Nikirudi kwenye safari yako, ningekushauri uanzie Mida, karibu na Watamu, na mtu wa kukutana naye ni mla kaa. Namwita hivyo kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kisayansi ni Dromas ardeola. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene ambao haufanani na wa kitwitwi yeyote. Hapa tunamwona kwa makundi, hata watoto wa Dabaso, kijiji kilicho kando ya Mida, hawashangai, lakini ulimwenguni kote huzaliana katika sehemu chache tu, hasa kwenye visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, za Bahari ya Shamu na za Omani. Huko huchimba mashimo mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kulilea. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi ninayemjua anayetaga shimoni namna hiyo. Anakuja kwetu, basi, kutoka walikotoka manahodha wa majahazi.

Ukiwa na subira utaona jambo ambalo kwangu linapita orodha yoyote ya ndege adimu. Mla kaa huja na mtoto wake, na huendelea kumlisha hukuhuku ugenini. Oktoba iliyopita nilikaa kwenye kibanda kilicho mwisho wa lile daraja la mbao la mikokoni, nikamtazama mmoja aliyemkamata kaa, akampiga tope mara tatu, akamng'oa miguu mmoja baada ya mwingine, kisha akasimama tu. Kinda lake, ambalo lilikuwa na mgongo wa kijivu badala ya mweusi na lilikuwa limetimiza kimo cha mzazi, lilimjia huku limeinamisha kichwa na kupiga mluzi usiokoma, likapokea kiwiliwili cha kaa. Miguu ya kaa mzazi aliila mwenyewe.

Ili uyaone hayo karibu, fuata maji wala usifuate saa yako. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu inaweza kukaribia mita 4, na kwa kawaida maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, yakajaa karibu saa 10 alasiri. Yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali sana hata darubini haifai kitu. Ingia kibandani maji yanapoanza kurudi, kwani hapo ndipo yanapowasukuma ndege kuelekea kwako hatua kwa hatua. Siku za maji mafu uwanja haufunguki vizuri, na ningezitumia kwa msitu wa Arabuko-Sokoke.

Sabaki nenda maji yakiwa yamejaa, wakati shakwe na vitwitwi wamebanana kwenye fungu la mchanga. Pale ndipo penye nafasi yako halisi. Katikati ya vitwitwi wengi wenye mdomo uliopinda, tafuta mmoja mfupi zaidi mwenye mistari miwili myeupe juu ya kila jicho, na mdomo ulionyooka ila umevunjika kidogo kwenye ncha: huyo ni Calidris falcinellus, ambaye wageni wengi hupita bila kumwona, ingawa huja karibu kila mwaka. Usiwakaribie hadi wakaruka. Wamesafiri maelfu ya kilomita, na kila wakirushwa wanatumia mafuta waliyoyaweka mwilini.

Siku za mwisho za safari yako, mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, inua macho. Kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi atokaye kaskazini-mashariki ya China na mashariki ya Urusi, hupitia Nagaland huko India, akaivuka Bahari ya Hindi bila kutua. Dume ni wa kijivu cha moshi, miguu myekundu, na weupe chini ya bawa. Kuna pia yule ndege mdogo wa matete wa Basra, Acrocephalus griseldis, aliyeponea chupuchupu pale vinamasi vya Iraki vilipokaushwa katika miaka ya 1990. Watafiti wanaovisha ndege pete Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969, humnasa katika usiku wa ukungu. Huku Pwani hujificha vichakani, na bila kumsikia au kumpiga picha nisingekushauri umdai.

Kuhusu kuaminiwa: andika tarehe, saa, hali ya maji, umbali, na ndege gani wa kawaida alikuwa kando yake wa kumlinganisha naye. Piga picha hata kama ni mbaya. Kisha peleka orodha yako nzima kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, pamoja na hao shakwe na yangeyange unaowaona hawana maana, kwa kuwa bila wao hakuna atakayejua kwamba ulitazama kwa makini.

Viatu: tope la Mida huvua ndara, na ndani yake mna kombe zinazokata kama wembe. Chukua viatu vya mpira vyenye kufungwa kamba, na betri mbili za ziada za kamera.