Kijiji chako kinapakana na sokwe? Anzia korongoni

Makazi ya sokwe barani Afrika yanaanzia Senegal, yanapita kwenye misitu ya Kongo na kuishia kwetu magharibi mwa Tanzania. Kwa upande wa kusini-mashariki hakuna wengine baada ya hawa wa Kigoma, Katavi na Rukwa. Kwa sababu hiyo watu wengi huwaona sokwe wetu kama masalia: ni wachache, wametawanyika, na wenzao wengi wako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nimekaa katika mikutano mingi ya vijiji ya kupanga matumizi ya ardhi, na nimeona fikra hiyo inavyoumiza. Eneo lenye sokwe wachache ndilo la kwanza kukatwa mashamba, kwa kuwa "hakuna kitu kule".

Kipo. Ugalla, huku huku magharibi mwa Tanzania, ni nchi kavu ya miombo, joto kali, na miezi kadhaa ya kiangazi bila tone la mvua. Mwaka 2007 watafiti walitangaza ushahidi kwamba sokwe wa huko huchimba mizizi kwa kutumia vijiti. Kule Fongoli, Senegal, kwenye ukingo mwingine mkavu wa makazi yao, sokwe hukimbilia mapangoni jua linapochoma. Wa msitu mzito hawana sababu ya kuyajua haya. Dunia inazidi kupata joto, na kwangu mimi sokwe waliokwisha kujifunza kuishi na ukame ni wa kulindwa mbele kabisa.

Kwa hiyo kama wewe ni mjumbe wa serikali ya kijiji, bwana misitu, au kijana uliyechaguliwa kwenye kamati ya maliasili, ushauri wangu ni huu: usianze kwa kuuliza sokwe wako wangapi. Uliza wanapita wapi. Gombe ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1968 na Mahale mwaka 1985, lakini sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi hizo mbili. Ugalla hawafiki hata mmoja kwa kilomita moja ya mraba, na kundi moja huzunguka eneo kubwa mno. Ukipita bonde fulani mwezi mmoja usione kiota kipya, usikubali kauli ya "wamehama". Rudi matunda yakiiva.

Viota navyo vina hesabu yake. Kila sokwe aliyeacha kunyonya hutengeneza kiota kipya kila jioni, na cha zamani kinaweza kudumu miezi. Viota ishirini si sokwe ishirini. Watembelee warina asali, wazee wa kabila la Watongwe hasa, waandamane nanyi kabla ramani haijachorwa. Wanajua korongo lipi lina maji mwezi wa tisa.

Korongo ndilo moyo wa jambo lenyewe. Miombo ikipukutisha majani, sokwe hushuka kwenye misitu ya kando ya vijito, penye kivuli, maji na matunda. Mkulima naye anaitaka ardhi hiyo hiyo, kwa kuwa ina rutuba na unyevu. Hapa mnayo silaha ambayo vijiji vingi havijui kuitumia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Isomeni mkutanoni kwa sauti. Nimeona watu waliokuwa wakipinga habari ya sokwe wakikubali kulinda korongo kwa ajili ya maji yao wenyewe, na sokwe wakapona humo humo.

Kisha unganisheni makorongo. Kwa sokwe, dume hubaki kundi alikozaliwa na jike akivunja ungo kwa kawaida huhamia kundi jingine, kama ukoo usiooana wenyewe kwa wenyewe. Kila nilipolieleza hivyo kijijini, sikuhitaji kueleza ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya msitu na msitu, ni nini. Mkiziba njia ya binti, kundi la pembezoni linabaki na damu ile ile. Na hawazai haraka: kati ya mtoto na mtoto hupita takriban miaka mitano. Mtego mmoja wa waya ukimnasa jike, pengo lake halizibiki upesi.

Mahali palipokatwa, msikimbilie kununua miche. Visiki vingi vya miombo huchipua vyenyewe vikiachwa bila moto mkali wala shoka. Nyasi zichomeni mapema, zikiwa bado na ubichi, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usipate cha kula. Na mwenye mafua asiwafuate sokwe. Magonjwa yetu yanawaua; mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapiga wale wa Gombe.

Fedha za kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu ili iendelee kuhifadhi hewa ya ukaa, zipo. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Ntakata vimejengea zahanati na madarasa. Ila mkataba usomwe wote kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na mgawanyo wa mapato uandikwe kwenye muhtasari kabla mtu hajatia saini.

Mpango wa matumizi ya ardhi ukishapita, fuatilieni sheria ndogo hadi halmashauri iipitishe. Bila hiyo, mgambo wenu akimkamata mkataji hana pa kumpeleka. Pakeni rangi miti ya mpakani na simikeni mabango kabla ya mwezi wa nane, maana wanaofyeka mashamba mapya huingia msituni kiangazi, na shamba likishapandwa mahindi kumwondoa mtu ni kesi ya miaka.