Unataka kupanda Sri Pada? Soma kwanza yaliyonikuta

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, ajiandae vipi kupanda Sri Pada kule Sri Lanka, kisa kaona picha yangu niko kileleni. Dada yangu, ile ya mara ya kwanza nilifuta.

Nilikuwa napiga kazi Muscat, nikaenda na jamaa wa stoo, Wasinhala wa huko huko Sri Lanka. Mlima wenyewe mita 2,243 tu, mi nikacheka, kwetu kuna Kilimanjaro bwana (sijawahi kuupanda, ila nani kaniuliza). Tumeanza usiku, wenzangu wanaenda taratibu, wanatandaza uzi mweupe njiani, wakipishana na wanaoshuka wanaambiana "karunawai", yaani huruma, mi nawapita kama nakimbilia daladala. Ngazi ni maelfu! Karibu na nusu ya njia, goti likagoma, nikakaa nalia, bibi mmoja peku, nguo nyeupe, ananipita kashikwa mkono na mjukuu. Na kuna mwenzetu akanirekodi akarusha kwenye grupu la kazini. Hajaomba radhi mpaka leo, namba yake nimeblock.

Mwaka uliofuata nikarudi, mwezi wa pili. Nenda ndani ya msimu, Desemba mpaka Mei, nje ya hapo ni mvua na giza. Beba sweta. Panda polepole. Mengine utayaona huko huko.

Ila jua unaenda wapi. Juu kuna unyayo kwenye mwamba, Wabudha wanasema wa Buddha, Wahindu wa Shiva, na sisi Waislamu wengi tumesikia ni wa baba yetu Adam. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, aliupanda miaka ya 1340, akaandika njia zilikuwa mbili, ya Baba na ya Mama, ya Mama nyepesi, na ukipita hiyo peke yake watu wanakuhesabu hujazuru. Sasa sisi vijana tunataka njia ya Mama kwenye kila kitu, kazi, ndoa, hata ibada, halafu tunashangaa baraka haziji! Punguzeni kiburi jamani, na polepole, nimeshasema.

Juu unavua viatu, sakafu baridi kama barafu. Kuna kengele, unaigonga kwa idadi ya mara ulizofika. Nikagonga moja. Mkono ukataka kuongezea ile ya mwaka jana, mzee aliyekuwa nyuma yangu akanitazama, nikaiachia kamba.