Mnaouliza kuhusu utafiti wa ndege huku Delft

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, maswali yamejaa kwenye simu, na karibu yote yanazunguka palepale: huko chuo cha ndege mnaunda ndege gani? Mbona mtu anakaa miaka minne na kipande kimoja cha bawa? Na huyu kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) mwenye daraja la kwanza, aje huko? Nitajibu mambo yalivyo, maana nasikia kuna nyumba wameanza kutaja kuuza shamba.

Ndege hatuundi. Mafunzo ya uhandisi wa ndege hapa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, yalianza 1940, na tangu hapo kinachotoka humu ndani kwa wingi ni namba. Ukinzani wa hewa kwenye bawa hili, kwa kasi hii, ni kiasi hiki, na tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi hiki. Wenye viwanda vya ndege, vya glaida (ndege zisizo na injini) na vya mitambo ya upepo huzichukua namba hizo wakaenda kuzifanyia kazi. Ile sehemu ya mwisho, ya kwamba tunaweza kukosea kwa kiasi gani, ndiyo inayokula miaka ya watu.

Chukueni jaribio moja la handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo feni hupitisha upepo juu ya bawa lililosimama. Chumba cha kupimia katika handaki letu tulivu, lile ambalo upepo wake hauna msukosuko mwingi, kina upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.25. Bawa husimamishwa wima kutoka sakafuni hadi darini. Tuseme upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni sentimita 60, na upepo unakwenda mita 75 kwa sekunde. Namba ya Reynolds hapo, yaani kipimo kinachounganisha kasi, ukubwa wa bawa na unato wa hewa, ni kama milioni 3, sawa na bawa la ndege ndogo. Kanieneo ya upepo huo, yaani msukumo wake kwa kila mita ya mraba, ni kama paskali 3,375, na bawa lina eneo la mita za mraba 0.75. Likipata kizidishi cha kuinua (namba ya kuzidisha kanieneo na eneo ili kupata nguvu ya kuinua) cha 0.6, nguvu hiyo, ambayo hapa inalisukuma pembeni kwa kuwa bawa limesimama wima, ni kama nyutoni 1,520, yaani uzito wa kilo 155. Ukinzani wa bawa hilo, likiwa limesuguliwa vizuri, ni nyutoni 15 tu, kilo moja na nusu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Unatafuta kilo moja na nusu iliyojificha nyuma ya kilo 155. Mizani ya nguvu ikifungwa ikiwa imepinda sehemu moja tu ya kumi ya digrii, nyutoni 2.65 hivi za ile nguvu kubwa zinavuja na kuhesabiwa kama ukinzani. Hiyo ni hitilafu ya karibu asilimia 18 kwa mpindo ambao jicho haliuoni. Ndiyo maana ukinzani wa bawa la namna hii hatuupimi kwa mizani. Nyuma ya bawa huwekwa safu ya mirija myembamba kama meno ya kitana, nayo hupima ni kiasi gani upepo umepungukiwa nguvu baada ya kupita. Kile kilichopungua ndicho bawa lilichokula.

Kwenye ngozi ya bawa kuna vitundu mia hivi, kila kimoja na kipenyo cha milimita 0.4, na kila kimoja kina mrija wake wa plastiki unaokwenda kwenye kihisio cha kanieneo. Vitundu hupangwa mshazari, kwa sababu kikinyooka kimoja nyuma ya kingine, msukosuko wa cha mbele humharibia hesabu yule wa nyuma. Makosa ya hapa ni yaleyale kila msimu: unga wa msasa umeziba kitundu, mrija umepasuka pale ulipokunjwa, au mirija miwili imebadilishana nafasi, mchoro wa kanieneo ukatoka na jino ambalo halipo kwenye bawa. Dawa yake ni bomba la sindano. Unasukuma kanieneo inayojulikana kitundu kwa kitundu, mwenzio anasoma skrini, kabla bawa halijafungwa. Ni kazi ya siku nzima. Anayeiruka siku hiyo huja kuifanya usiku, bawa likiwa limeshakaa ndani na zamu ya mwingine inasubiri asubuhi.

Kisha kuna uchafu. Kwa kasi hiyo, chembe ya milimita 0.12 karibu na ukingo wa mbele inatosha kuivuruga hewa tulivu iliyolala juu ya ngozi ya bawa, na ikishavurugika, ukinzani wa bawa laini unaweza kupanda mno. Alama ya kidole yenye mafuta ikikamata vumbi imetosha. Kwa hiyo bawa husuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800 hadi 2000, hufutwa kwa spiriti kabla ya kila mzunguko wa jaribio, na baada ya hapo hakuna anayeligusa bila glavu. Kujua hewa imevurugika wapi, fundi huingiza mrija mwembamba wenye kipaza sauti mwishoni na kuutembeza juu ya ngozi, kama daktari anavyosikiliza kifua. Mahali palipo tulivu husikii kitu. Sogeza nyuma milimita chache, utasikia vishindo vya hapa na pale, kisha mvumo mfululizo kama samaki anayekaangwa. Mahali vishindo vinapoanza ndipo unapoandika kwenye daftari.

Handaki lenyewe nalo linabadilika. Hewa inazunguka humohumo, feni inaipasha joto, na hewa ya moto haina unato ule wa asubuhi. Kasi inabidi irekebishwe ili namba ya Reynolds ibaki palepale. Vihisio navyo huhama kidogo kidogo, ndiyo maana tunachukua usomaji wa sifuri kabla upepo haujawashwa na tena baada ya kuuzima. Sifuri mbili zikitofautiana kupita kiasi, mzunguko wote unatupwa, hata kama mchoro umetoka mzuri. Hasa ukitoka mzuri, kwa maoni yangu, maana mchoro mzuri humfanya mtu asiangalie.

Maabara ya vifaa ina adabu hiyohiyo. Vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyokwisha lowekwa gundi hukaa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukivitoa, mfuko haufunguliwi mpaka vifikie joto la chumba, na hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Ukifungua mapema, unyevu wa hewani unaganda juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda, na ukifika kwenye tanuru la kanieneo, nyuzi 180 na baa 7, maji hayo yanageuka mvuke na kuacha mapovu kati ya tabaka. Kwa nje kipande kinang'aa, na kwa ndani ni sponji. Hapa hapa Delft ndipo ilipotoka GLARE, tabaka nyembamba za alumini zilizogandishwa na nyuzi za kioo, iliyotumika kwenye ngozi ya juu ya Airbus A380. Ufa ukianza kwenye alumini, nyuzi huushika pande zote mbili, ukakua polepole. Hadi kufika kwenye ndege hiyo, watu walivunja vipande vya majaribio kwa miaka mingi.

Sasa kuhusu kijana. Kwanza ulizeni anataka nini, kwa sababu nyumbani "mhandisi wa ndege" ni jina la watu wawili. Anayetaka kuikagua ndege, kubadilisha injini na kutia sahihi kwamba iruke, anahitaji leseni ya ufundi: huku Ulaya ni ya mfumo wa Part-66, daraja B1 kwa bodi na injini, B2 kwa umeme na mitambo ya elektroniki. Digrii ya Delft haimpi leseni hiyo, wala ya uzamivu haimpi. Kwa njia hiyo aanzie Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam, au Chuo cha Usafiri wa Anga Nairobi, au chuo cha anga cha Soroti kule Uganda. Ni karibu, ni nafuu, na kazi yake inaonekana. Anayetaka hesabu na vipimo kama nilivyoeleza, huyo ndiye wa huku.

Shamba msiuze kwa ajili ya shahada ya kwanza. Kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya, ada ni zaidi ya yuro 15,000 kwa mwaka, na nafasi zina ukomo na mchujo. Kwa miaka mingi zimekuwa 440 kwa dunia nzima. Njia ninayoipendekeza ni asome shahada ya kwanza nyumbani, uhandisi mitambo au fizikia, apate alama za juu sana, kisha aombe uzamili kwa ufadhili. Uzamivu hapa ni ajira. Unaomba nafasi iliyotangazwa kama kazi yoyote, unasaini mkataba, na kufikia mwisho wa 2024 mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa kama yuro 2,900 kwa mwezi kabla ya kodi. Toa kodi, toa chumba cha yuro 600 hadi 1,000, toa bima ya afya ambayo ni lazima, karibu 150. Kinachobaki kinatosha kuishi na kutuma kidogo nyumbani. Kujenga nyumba, hapana. Baada ya mwaka wa kwanza kuna kikao cha kuamua kama unaendelea, na kuna wanaoambiwa basi.

Wanaotaja Marekani wajue kwamba kazi nyingi za roketi na ndege za kijeshi kule zinabanwa na sheria za ITAR, zile za kudhibiti teknolojia ya silaha isitoke nje: lazima uwe raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, au uliyepewa hifadhi. Digrii nzuri haiondoi hilo.

Kiingereza kinatosha darasani. Karakana ni Kiholanzi, na fundi ndiye anayepanga foleni ya bawa lako. Jifunze lugha yake.

Kijana asingoje viza ili aanze. Apakue XFOIL, programu ya bure ya kukokotoa mabawa ya Mark Drela wa chuo cha MIT, Marekani, akokotoe bawa la NACA 0012, umbo linalojulikana lenye juu na chini sawa, kwa Reynolds milioni 3. Kisha ajenge handaki dogo: boksi la plaiwudi lenye tundu la sentimita 30 kwa 30, feni iwe nyuma ikivuta hewa, kwa sababu ikisukuma kutoka mbele hewa inaingia ikizunguka. Mdomoni apange mirija ya soda, urefu mara nane hadi kumi ya kipenyo chake, na kila mshono auzibe kwa silikoni. Kasi aipime kwa bomba la pitoti, yaani mrija unaoelekezwa kwenye upepo ili kupokea kanieneo yake, na mrija wa U wenye maji. Kwa mita 15 kwa sekunde, maji yatapanda kama milimita 13 akiwa Dar, na kama 11 na nusu akiwa Nairobi, maana hewa ya kule ni nyepesi. Milimita hizo ni chache kusoma kwa jicho, basi ailaze mirija kwa mteremko wa moja kwa kumi, kila milimita itakuwa kumi.

Akishapata usomaji, anitumie namba zote, pamoja na joto la chumba na ile sifuri ya kabla na ya baada. Nitamjibu mstari kwa mstari.