Éponine alipenda, tena kuliko Marius

Wiki hii mmetuuliza: msichana mdogo wa kwenye hadithi akimzimia mtu ambaye hata hamtazami, tuyaite mapenzi ya kweli au utoto tu? Jibu langu ni mapenzi ya kweli, na shahidi wangu ni Éponine wa Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo iliyotoka mwaka 1862.

Wengi tunamjua kwa ile filamu ya 2012, yule dada wa kwenye mvua anayeimba peke yake. Wamemsafisha mno. Wa kitabuni ni binti wa miaka kama 16, sauti imekwaruza, meno mengine hayapo, nguo zimechanika hadi mabega yako nje. Baba yake ni tapeli anayemtuma kwa watu na barua za kuombaomba. Ndivyo anavyoingia chumbani kwa Marius, jirani yao, kijana msomi aliyekosana na babu yake tajiri. Anashikashika vitu, anajitazama kwenye kioo, anachukua kitabu na kusoma kwa sauti ili ajulikane naye kasoma, kisha anamwambia Marius bila kupepesa kwamba ana sura nzuri. Marius anampa faranga tano, mwenyewe anabaki na vijisenti vya chakula cha siku ile. Binti anapokea, furaha tele.

Mpaka hapo sina ugomvi na anayesema ni utoto.

Baadaye Marius anampenda msichana mwingine, Cosette, kisha anapotezana naye, hajui anakaa wapi. Anayeipata anwani ni Éponine. Anamfuata Marius hadi kwenye uwanja mmoja pembezoni mwa Paris, na kabla ya lolote anaona shati lake limetoboka. Anasema itabidi amshonee. Halafu anamwambia kwamba anwani anayo. Uso wa Marius unachangamka, na binti anaona vizuri kabisa unachangamka kwa ajili ya nani. Bado anampeleka. Anamwomba tu asimfuate kwa karibu, maana kijana wa heshima hafai kuonekana na mwanamke kama yeye. Marius anaingiza mkono mfukoni, anatoa faranga tano, hela pekee aliyokuwa nayo, anamtilia kiganjani. Éponine anafungua vidole, sarafu inaanguka chini. Hela zake hazitaki.

Huyu ni mtoto wa nyumba yenye njaa, jamani, na mara ya kwanza sarafu kama hiyo ilimrusha kwa furaha. Kati ya sarafu ile na hii, kuna kitu kimeshaingia moyoni mwake ambacho umri hauwezi kukifuta.

Najua mtaniuliza kuhusu upande wa pili, nao upo. Cosette alimpa barua ampelekee Marius, Éponine akaikalia. Yeye ndiye aliyemwita Marius kwenye kizuizi cha barabarani katika maasi ya Paris ya Juni 1832 akijua kule ni kufa, kwa hesabu kwamba kama hampati, basi na mwenzake asimpate. Huo ni wivu mbaya na simtetei. Lakini ni binti huyohuyo aliyekaa getini kwa Cosette usiku, akawazuia wanaume sita waliokuja kuvunja, baba yake akiwa mmoja wao, kwa kuwatishia kwamba atapiga kelele mtaa mzima uamke. Na askari alipomlenga Marius pale kizuizini, aliweka kiganja kwenye mdomo wa bunduki. Risasi ikapita mkononi ikatokea mgongoni. Yeye mwenyewe anashangaa: alimwita afe, kisha akamkinga.

Wanaotaka mapenzi yasiyo na doa hapa watakwama. Mimi sijawahi kuyaona hata kwa watu wazima.

Kabla ya kukata roho anatoa ile barua, hataki Marius awe na kinyongo naye huko waendako. Anaomba abusiwe kwenye paji la uso akishakufa. Anasema anadhani alikuwa anampenda kidogo. Ila kinachonimaliza mimi ni swali analouliza katikati ya maumivu: ile sarafu, Marius aliiokota? Maana hakuwa na hela, na yeye alisahau kumwambia aiokote. Nitajieni mpenzi mwingine wa vitabuni, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyewahi kuwaza jambo kama hilo.

Kinachonikera ni kwamba swali hili huulizwa kwa Éponine peke yake. Marius naye alimpenda Cosette kwa kutazamana tu kwenye bustani ya Luxembourg, hukohuko Paris, bila kusemezana hata neno. Aliokota kitambaa chenye herufi U.F., akaamua msichana anaitwa Ursule, akawa anakibusu usiku na mchana. Kumbe kitambaa ni cha mzee aliyekuwa akitembea na Cosette! Hakuna aliyesema huo ni utoto, kwa sababu yeye alipendwa naye, akaoa. Éponine hakupendwa, tena alikuwa na matambara. Kama mhariri ana mpango wa kupima mapenzi ya nani ni ya kweli, foleni aianze na Marius.