Gharama za mpatanishi: si lazima nusu kwa nusu

Dada, pole. Unasema mzazi mwenzio anataka mgawane nusu kwa nusu ada ya mpatanishi, na yeye anapata mara tatu yako. Usikubali haraka. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53(1)(e), inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, mmeoana au la. Lakini wajibu sawa si shilingi sawa. Hata kwenye matunzo mahakama huangalia uwezo wa kila mmoja.

Pendekeza mgawane kulingana na kipato. Chukueni mshahara unaobaki mkononi baada ya makato. Tuseme yeye ni 90,000, wewe 30,000. Jumla ni 120,000, kwa hiyo yeye ni robo tatu, wewe robo. Ada ikiwa 24,000, yeye anatoa 18,000, wewe 6,000. Hapo kila mmoja ametoa asilimia 20 ya mshahara wake. Mwonyeshe hesabu hiyo, ukiwa na karatasi yako ya mshahara mkononi.

Andikeni makubaliano na mtie sahihi kabla ya kikao cha kwanza, pamoja na nani analipa mmoja asipotokea. Na tafadhali, anayelipa zaidi asimchague mpatanishi peke yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mwenye kidogo huingia chumbani tayari ameinama.

Kama kesi iko mahakamani tayari, uliza kwa karani wa mahakama kuhusu upatanishi wa mahakama kabla hujamlipa mtu yeyote.