Domeni ikikuponyoka, ilipie kwanza

Mwezi wa tano mwaka juzi, wiki chache kabla wageni wa Kilimanjaro hawajaanza kumiminika, imeili ya ofisi yetu hapa Moshi ilinyamaza. Mgeni wa Ujerumani aliyekwisha kulipa arubuni alinipigia WhatsApp kuuliza mbona barua zake zinarudi. Nikafungua tovuti yetu, nikakuta ukurasa wa matangazo. Domeni yetu ya .com, yaani jina la tovuti na imeili tulilolitumia miaka tisa, ilikuwa imeisha muda.

Pesa ya kulipia ilikuwepo. Mlango ndio haukuwepo. Nywila hatukuwa nayo, na kila nikiomba mpya, kiungo kinatumwa kwenye imeili ya domeni hiyohiyo iliyozimika. Hata ningekipata, namba ya uthibitisho ilikuwa inakwenda kwenye laini ya zamani ya kijana aliyetutengenezea tovuti, naye alishahama mji. Usiku ule sikulala. Jina lile liko kwenye fulana za wapagazi wetu, kwenye gari, na kwenye vitabu vya wageni waliotupendekeza kwa ndugu zao.

Ukifikwa na hili, anza na tovuti ya lookup.icann.org. Andika domeni yako. Hakuna nywila inayotakiwa. Utaona msajili ni nani, yaani kampuni iliyoiandikisha domeni yako, tarehe ya kuisha, na hali iliyopo. Mimi nilipoteza siku nne nikimwandikia wakala wa hapa nchini aliyetuuzia, kumbe msajili mwenyewe ni kampuni ya nje. Wakala hakuwa na la kufanya, wala hakuniambia.

Tarehe ile itazame vizuri. Domeni ya .com ikiisha, msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45, lakini wengine huifuta au kuipiga mnada mapema zaidi, kwa hiyo usizihesabu siku hizo kuwa ni haki yako. Ikifutwa kuna siku 30 za kuikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kungoja tu, halafu yeyote anaweza kuichukua.

Kilichotuokoa ni swali moja nililomuuliza msajili: je, naweza kulipia bila kuingia kwenye akaunti? Baadhi yao hukubali, kwa sababu kulipia hakubadilishi mwenye jina. Nikalipa. Kesho yake imeili ikafufuka, na kiungo cha nywila mpya kikaingia kama kawaida. Ilibaki laini. Nilimtafuta yule kijana kupitia kaka yake, nikamweleza kwa upole, akaenda dukani kwa mtandao wake, akaweka alama ya kidole na kuirudisha. Angekuwa na kinyongo nami, tungekwama hapo. Hivyo kabla hujampigia aliyekusajilia, meza hasira zako.

Sambamba na hayo nilituma cheti cha BRELA, TIN, kitambulisho cha NIDA na risiti za malipo ya miaka ya nyuma. Vilisaidia kwa sababu jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwenye nafasi ya mmiliki. Lingekuwa jina la kijana peke yake, machoni pa msajili domeni ingekuwa yake.

Anayekunyima kwa makusudi ni kesi nyingine. Malalamiko kwa ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia majina ya domeni, ni bure, ila wao huangalia tu kama msajili amefuata kanuni. Shauri la WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, linaanzia dola 1,500, na lazima uonyeshe haki ya alama ya biashara. Kwa domeni za .tz, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Tulipoingia tu, nilibadilisha imeili ya akaunti ikawa ya nje ya domeni yetu, nikaweka laini yangu na ya mhasibu, nikachapisha namba za akiba za kuingilia kwenye akaunti simu ikikosekana, na kuziweka kwenye kasha pamoja na kadi ya gari. Kubadilisha jina la mmiliki kunaweza kuzuia kuhamia kwa msajili mwingine kwa siku 60. Kama unataka kuhama, amua kipi kitangulie.