Andika Ubunifu Wako Sindano Ikiwa Bado Mkononi

Miaka tisa iliyopita nilimfumia mteja mmoja wa Njiro, Arusha, seti ya vitambaa vya makochi ambayo nilikuwa nimeibuni mwenyewe, kuanzia ua la katikati hadi pindo. Aliipenda, na mwaka uliofuata akaniagiza nyingine ya namna ileile kwa ajili ya mama mkwe wake. Nilikaa hapa kwangu Moshi nikiitazama picha moja iliyofifia kwenye simu, nikahesabu matundu ya lile ua kwa kukisia, nikafuma na kufumua kwa wiki tatu, na bado kilichotoka hakikuwa kile kitambaa. Niliumia sana, kwa sababu kazi iliyotoka kichwani mwangu ilikuwa imenipotea na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Tangu hapo sifumi kitu kipya bila daftari kando yangu, na huo ndio ushauri wa kwanza ninaompa kila dada anayetaka kubuni kazi zake mwenyewe. Daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule ya msingi, linatosha: mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Kwa sweta la sindano mbili, mstari wa kwanza unauchora chini ya ukurasa na kuusoma kutoka kulia kwenda kushoto, kisha wa pili kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi mikono yenyewe inavyokwenda. Juu ya ukurasa andika aina ya uzi, unene wa sindano kwa milimita, na idadi ya vitanzi vinavyoingia katika sentimita 10 za kipande cha majaribio.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho wengi wanachokipuuza, nami nakihimiza kuliko vyote. Mkono wangu unakaza uzi, na wa dada yangu unaulegeza. Mimi nikipata vitanzi 20 katika sentimita 10, kofia yenye vitanzi 96 itakuwa na mzunguko wa sentimita 48, ambayo ni ya mtoto. Yeye akipata vitanzi 16 kwa uzi na sindano zilezile, kofia hiyohiyo itafika sentimita 60 na kumwangukia mtu mzima machoni. Maelekezo yasiyotaja kipimo yanamfanya msomaji aamini kwamba hajui kufuma, kumbe aliyekosea ni aliyeandika.

Kwa sisi tunaofumua masweta ya mtumba ya masoko ya Memorial au Kiboriloni, hapa Moshi, ili kupata uzi, kipimo ni cha lazima zaidi, kwa kuwa uzi huo hauji na karatasi ya kueleza unene wake. (Kabla ya kununua, geuza sweta na utazame mishono ya ubavuni: kama kitambaa kilikatwa na kushonwa kwa overloki, uzi utatoka vipande vipande. Ukishafumua, loweka uzi katika maji ya uvuguvugu na uutundike ukauke, ndipo mikunjo itanyooka.)

Kubuni kwenyewe kunategemea hesabu kuliko watu wanavyodhani. Chukua kitambaa cha duara cha kroshia. Ukifuma kwa singo, yaani kitanzi kifupi, unaanza na vitanzi 6 na kuongeza 6 katika kila mzunguko, yaani 6, 12, 18, 24, na kuendelea. Ukifuma kwa dabo, kitanzi kirefu zaidi, unaanza na 12 na kuongeza 12. Kitambaa kikianza kujikunja pembeni kama jani la kabichi, umeongeza kupita kiasi. Kikijiinua kama bakuli, umeongeza pungufu. Ukishaielewa kanuni hii unaweza kuivunja kwa makusudi: acha kuongeza, na duara linageuka kofia, ongeza maradufu katika mzunguko wa mwisho, na unapata pindo lenye mawimbi. Ubunifu wangu karibu wote ulianzia katika kuuliza nini kitatokea nikibadilisha hesabu mahali fulani.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Kinachoitwa dabo katika maelekezo ya Uingereza ndicho kinachoitwa singo katika maelekezo ya Marekani. Mimi hutumia majina ya Kimarekani na hulisema hilo katika mstari wa kwanza, kwa sababu mtu akichanganya, kazi yake yote itatoka na kimo tofauti.

Ukimaliza kuandika, mpe mtu mwingine afume ukiwa haupo. Usikae kando yake, kwani utamweleza kwa mdomo yale uliyosahau kuyaandika. Jirani yangu alikwama kwenye mzunguko wa saba wa kitambaa changu kwa kuwa niliandika tu "endelea hivyohivyo", maneno yaliyokuwa na maana kwangu peke yangu.

Shanga zinadai mpango wa mapema zaidi. Katika kroshia, shanga zote zinatungwa kwenye uzi kabla ya kuanza, na rangi zinatungwa kinyume, kwa maana shanga utakayoitumia mwisho ndiyo inayotangulia kuingia. Tena shanga huangukia upande wa nyuma wa kazi, kwa hiyo ziweke unapofuma mistari ya nyuma, la sivyo urembo wako utajificha ndani.

Kuhusu shanga nina neno lingine, na nalisema kwa moyo wote. Niliwahi kunakili mpangilio wa rangi wa ukosi niliouona kwenye soko la Wamasai la Barabara ya Fire, Arusha, nikauweka kwenye mkoba na kuuita ubunifu wangu. Mama mmoja wa Kimasai aliniuliza kwa upole nimeutoa wapi, nami sikuwa na jibu. Kwa Wamasai, rangi na mpangilio wa shanga hueleza habari za mvaaji, zikiwamo umri na ndoa yake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi, michoro na picha za mbunifu, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi pia. Kitanzi cha singo ni cha watu wote. Mpangilio wenye wenyewe unaulizwa kwa wenyewe, na asili yake inatajwa.

Picha piga asubuhi kivulini, kitambaa kikiwa kimetandazwa bapa, na rula iwe kando yake.

Maelekezo yangu nayatuma kwa WhatsApp yakiwa na jina langu na tarehe katika kila ukurasa, na ninatunza orodha ya walioyapokea. Mwezi uliopita dada mmoja anayeishi Sakina, Arusha, aliniandikia kwamba mzunguko wa 14 unadai vitanzi 84 lakini yeye kila mara anapata 78. Nilihesabu upya, nikakuta kwamba nimeruka mzunguko mmoja wa kuongeza. Nilisahihisha ukurasa, nikabadilisha tarehe, na jioni ileile nikautuma upya kwa wote waliomo katika orodha.